Nani alianza? Venom, Exodus, Sabbath na kesi ya matawi ya metali

#1 MwanaUmoja
Wasee, hamjambo. Leo nimeokota fulana ya Venom, bendi ya metali ya Uingereza, pale soko la Toi, shilingi 150, nyeusi iliyofuliwa hadi ikawa rangi ya jivu, kile kichwa cha mbuzi kimebaki pembe tu. Kwenye matatu ndugu yangu mdogo akaniambia nimevaa bendi ambayo haikuanzisha chochote, ati ilitoa jina la blaki metali tu. Tumebishana kutoka Adams hadi mjini, tukabadilisha gari, tukaendelea hadi Umoja, mpaka mama mmoja wa kiti cha mbele akauliza hao Venom ni wa chama gani.

Kesi naileta hapa. Muziki wa metali wenyewe ulianzishwa na Black Sabbath, 1970. Thrashi, ile ya kasi, ni Metallica, 1983. Blaki metali ni Venom, 1982, na jina lenyewe ni la albamu yao. Dethi metali, ile ya kunguruma, ni Possessed, 1985. Pawa metali ni Helloween. Dumu, ile ya polepole, ni Sabbath tena. Anayepinga aje na mwaka na albamu. Hisia abaki nazo nyumbani.

#2 MkaziWaRongai
Hapo kwa Metallica umeteleza. Exodus waliundwa California 1979, na Kirk Hammett alikuwa wao kabla Metallica hawajamchukua 1983. Kilichowaponza ni albamu kuchelewa: Bonded by Blood ilitoka 1985, na Kill 'Em All ilikuwa madukani tangu Julai 1983. Ukihesabu kwa duka, Metallica wanashinda. Ukihesabu kwa jasho, ni Exodus.

#3 DadaWaBesi
Mbele ya hao wote yuko Lemmy. Weka Overkill ya Motörhead, 1979, wimbo wa kwanza. Phil Taylor anaingia na ngoma mbili za miguu kabla hata gita halijapumua, wimbo unaisha, unaanza upya, unaisha, unaanza tena. Kila mpiga thrashi amekunywa maji ya kisima hicho. Na ajabu ni kwamba Lemmy mwenyewe alikataa kuitwa metali, alisema yeye anapiga rokenroli basi.

#4 Kaseti90
Queen, Stone Cold Crazy, 1974. Metallica wenyewe waliurudia 1990. Nimefunga kesi.

#5 MkaziWaRongai
Wimbo mmoja hauzai tawi, mzee. Mama yangu alipika biriani moja Krismasi iliyopita na hatujamwita Mswahili wa Lamu.

#6 FundiWaKamukunji
Mimi niacheni kwenye swali la kwanza, la Sabbath, kwa sababu linanigusa mkono. Nafanya kazi ya mabati Kamukunji, masanduku ya shule na majiko, mwaka wa kumi na tano huu. Mwenzangu tuliyekuwa tukishiriki fuawe alipoteza ncha ya kidole cha kati kwenye mashine ya kukatia. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Kelele ya mashine haikubadilika hata kidogo, ndicho kitu ambacho sijasahau.

Tony Iommi, mpiga gita wa Sabbath, alikuwa na miaka 17, kiwanda cha mabati, Birmingham. Ilikuwa siku yake ya mwisho kazini. Mashine ikamla ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, cha kati na cha pete. Na yeye ni shoto, kwa hiyo mkono wa kulia ndio unaobana nyuzi. Madaktari wakamwambia asahau gita. Msimamizi wake wa kiwandani akamletea santuri ya Django Reinhardt, ambaye mkono wake uliungua akabaki anapiga kwa vidole viwili. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akajifinyangia vifuniko, akavibandika ngozi. Akatafuta nyuzi nyembamba, hata za banjo, maana zile nene zilimuumiza. Akazilegeza. Ndiyo ile sauti nzito mnayoipigia kelele hapa.

Kwa hiyo mkiniuliza nani alianzisha metali, nitawaambia ni kile kiwanda.

#7 DadaWaBesi
Fundi, pole kwa mwenzako. Simulizi yako nimeisoma mara mbili. Ila hapo kwa kulegeza, miaka imeruka. Albamu mbili za kwanza, zote za 1970, nyuzi zimekaa kawaida. Kuzishusha kulianza na Master of Reality, 1971. Na ule wimbo wa kwanza kabisa, wenye mvua na kengele, uti wake ni noti tatu. Uzito wake unatoka kwenye ule umbali kati ya noti, umbali ambao sikio linaukataa, linangoja ufike mahali na haufiki. Nimeupiga kwa besi ambayo haijalegezwa, hapa Kayole, saa tatu usiku, na jirani alikuja kuuliza kama kuna msiba.

#8 FundiWaKamukunji
Asante dada, mwaka nimekubali. Vifuniko sikubali kuviacha. Vilikuwepo tangu siku ya kwanza. Kidole kilichovikwa plastiki hakisikii uzi, lazima ubane kwa nguvu kuliko inavyohitajika, na utachagua noti mbili nzito mahali mwingine angeweka sita. Mwenzangu alibadilisha namna ya kushika nyundo baada ya ajali. Ukinipa masanduku mia moja leo, yake nitayatoa hata taa ikizimwa.

#9 BabaPacha
Yote mazuri, lakini mnasahau Blue Cheer. San Francisco, Januari 1968, Vincebus Eruptum. Watu watatu na vipaza sauti vilivyofunguliwa hadi mwisho. Miaka miwili kabla ya Sabbath, na hakuna aliyekatwa kidole. Hata maneno "hevi metali" yaliimbwa mwaka huohuo na Steppenwolf kwenye Born to Be Wild, wakisifu mngurumo wa pikipiki. Kwa hiyo jina limetoka Amerika, kelele imetoka Amerika. Birmingham ilileta huzuni tu.

#10 MwanaUmoja
BabaPacha, wewe ukisikia pikipiki unapata usingizi, unaishi Kasarani stejini. Blue Cheer ni bluzi iliyopandishwa sauti. Ukiishusha, unabaki na bluzi. Sabbath ukiishusha sauti bado inatisha, jaribu.

#11 MjukuuWaLusaka
Hamjambo. Nimesoma uzi mzima nikingoja mtu ataje Afrika. Babu yangu alifanya kazi Kitwe, Zambia, na santuri zake ninazo hapa South B. Miaka ya mwanzo ya 1970 vijana wa Zambia walikuwa wakipiga roki yenye gita la kukwaruza, lile la fazi, na besi nzito, kwa Kibemba, Kinyanja na Kiingereza. WITCH, Amanaz, Ngozi Family. Albamu ya Amanaz inaitwa Africa, 1975. Msikilize Paul Ngozi, gita lake linasikika kama bati linalopasuliwa. Rais Kaunda alitaka redio zijae muziki wa nyumbani, na migodi ya shaba ilikuwa ikileta pesa mjini, kwa hiyo bendi zilikuwa na watu wa kuwachezea. Halafu bei ya shaba ikaanguka katikati ya muongo, na magita yakaanza kuuzwa.

Jagari, mwimbaji wa WITCH, alikulia Kitwe, na baadaye akaenda kuchimba vito. Sasa niambieni: 1972, 1973, Sabbath bado wachanga, na huku kusini mwetu watu wana fazi na ngurumo. Kwa nini hatuhesabu hiyo kama tawi lililokuwa likichipuka wakati uleule?

#12 FundiWaKamukunji
Migodi! Nilijua. Birmingham viwanda, Kitwe shaba. Judas Priest nao wametoka West Bromwich, mtaa wa pili tu kutoka Birmingham. Napalm Death, Scum, 1987, ambayo ndiyo iliyoipa graindikoo, ile ya kasi kupita kiasi, sura: eneo hilohilo. Godflesh: Birmingham. Venom wametoka Newcastle, mji wa makaa ya mawe na meli. Sepultura wametoka Belo Horizonte, na jimbo lao jina lake ni Minas Gerais, yaani migodi. Mnataka ushahidi gani tena?

#13 DadaWaBesi
Na Tampa, Florida? Jua, bahari na wastaafu. Dethi metali nusu yake imetoka huko. Na Uswisi, walikotoka Hellhammer, kuna ng'ombe. Fundi, nyundo ikiwa mkononi kila kitu kinaonekana msumari.

#14 Kaseti90
Mjukuu, niliposoma yako nimewasha Amanaz na bado inaendelea. Asante. Lakini sidhani ni metali. Ni binamu. Walisikia Hendrix na Cream kama Sabbath walivyowasikia, wakachukua njia yao. Ukimwita binamu "mtoto wetu" unamwibia baba yake.

#15 MjukuuWaLusaka
Binamu anakaa mezani au anakula jikoni? Hilo tu ndilo nauliza. Kwenye orodha zote za "kabla ya metali" Blue Cheer wanakaa mezani.

#16 KiatuChaChuma
Kuhusu dethi: Death walirekodi 1975. Jina lao lenyewe. Kwisha.

#17 MkaziWaRongai
Ndugu, hao ni Death wawili tofauti. Wa 1975 ni wale ndugu watatu wa Detroit, akina Hackney, watu weusi waliopiga panki kabla ya panki kuwa na jina, na albamu yao ikakaa darini hadi 2009 ndipo ikatoka. Death wa dethi metali ni Chuck Schuldiner wa Florida, alianza 1983 kwa jina Mantas, akabadilisha 1984, na Scream Bloody Gore ikatoka 1987. Wote wawili wanastahili heshima, lakini usiwachanganye, watu watakuimbia hapa.

#18 KiatuChaChuma
Ah. Sawa. Nimejifunza. Hao wa Detroit nawatafuta leo.

#19 MwanaUmoja
Na hiyo 1987 ndiyo hoja yangu. Possessed walikuwa na demo ya 1984 iliyoitwa Death Metal, halafu Seven Churches 1985, ambayo waliirekodi likizo ya Pasaka kwa sababu walikuwa bado wanafunzi wa sekondari. Fikirieni hilo. Wewe likizo ya Pasaka ulikuwa unachunga ng'ombe wa shangazi yako Nyahururu, mwenzako anaanzisha tawi zima.

#20 BabaPacha
Possessed ni thrashi yenye koo bovu. Ukitaka dethi iliyosimama kwa miguu yake, ni Chuck. Pale ndipo gita na sauti na ngoma vyote vilikubaliana kuacha thrashi nyuma.

#21 MwanaUmoja
"Koo bovu" ndilo tawi lenyewe, mzee! Jeff Becerra, mwimbaji wa Possessed, alikuwa akinguruma kabla Chuck hajapata mkataba. Na yule mtu alipigwa risasi 1989 na majambazi, akapooza miguu, na bado amerudi jukwaani na kiti cha magurudumu, na 2019 akatoa albamu nyingine. Huyo mimi sitamnyang'anya tarehe yake.

#22 Msimamizi
Endeleeni, ila matusi ya #20 na #21 yaliyofutwa yasirudi. Koo la mtu liheshimiwe.

#23 Kaseti90
Ngoja niseme jambo kuhusu blaki metali kabla hamjaanza kurushiana miaka. Mlioanza na intaneti hamjui ilikuwaje. 1994 Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani nchini. Shule za bweni ziliingiwa na hofu. Nilikuwa kidato cha pili. Nilikuwa na kaseti moja, niliyorekodiwa na binamu: upande mmoja Metallica, upande wa pili Mercyful Fate, Melissa. Mwalimu wa zamu akaikuta ndani ya soksi. Nilisimamishwa mbele ya shule nzima, kaseti ikavutwa utepe wote, ikachomwa, na mimi nikarudishwa nyumbani wiki mbili. Baba alilia. Hakuwa ameisikia hata noti moja.

Kwa hiyo kwangu mimi, suala la nani alianza si la kupitisha wakati. Mercyful Fate, Denmark, 1983. King Diamond na uso uliopakwa rangi, sauti inayopanda hadi dari. Wale wa blaki metali ya Norway walijifunza kupaka nyuso kutoka kwa mtu fulani, na mtu huyo anaimba upande wa pili wa kaseti yangu.

#24 DadaWaBesi
Pole, Kaseti. Niliyoyajua mimi ni X FM, redio ya roki, usiku, na mama akigonga ukuta. Hatukuchomewa kitu.

#25 NdugyeMdogo
Mimi ndiye ndugu mdogo wa #1. Amenipa kiungo akidhani nitanyamaza. Msimamo wangu ni huu. Venom walibatiza mtoto ambaye hawakumzaa. Sikiliza Black Metal ya 1982: ni Motörhead wakiwa na pembe. Ni roki ya haraka, nzuri, ya kuchezea. Sasa weka Bathory, Uswidi, albamu ya kwanza, 1984. Sauti ya Quorthon inakwaruza, gita ni kama upepo ndani ya bomba, kila kitu kiko mbali na baridi. Hiyo ndiyo sauti ambayo Norway waliichukua miaka ya tisini. Venom wametoa kibao cha mlangoni. Nyumba imejengwa na Bathory.

#26 MwanaUmoja
Karibu, na vyombo umeviacha sinki. Mayhem walichukua jina lao kutoka wimbo wa Venom. Wale ndio mababu wa Norway. Kama Venom ni kibao tu, kwa nini mtoto anajiita kwa jina la kibao?

#27 NdugyeMdogo
Kwa sababu alisoma kibao. Nyumbani alikaa kwa Bathory.

#28 MkaziWaRongai
Mmesahau Sarcófago, Belo Horizonte, I.N.R.I., 1987. Misumari mikononi, nyuso nyeupe, ngoma zisizopumua. Angalia picha ya jalada, halafu angalia picha za Norway za miaka mitano baadaye. Nguo zile zimeshonwa Brazil.

#29 FundiWaKamukunji
Belo Horizonte. Migodi. Sisemi kitu.

#30 MjukuuWaLusaka
Fundi amesema kitu 😄

#31 BabaPacha
Tupite dumu haraka, maana hapo hamna ugomvi mkubwa. Sabbath waliweka mbegu, Pentagram waliimwagilia Virginia tangu 1971 bila kupata albamu hadi 1985, na Candlemass, Uswidi, 1986, wakaipa jina kwa ile Epicus Doomicus Metallicus. Jina zuri kwetu pia, maana nyimbo zenyewe kweli zinadumu. Dakika nane na bado mtu yuko kwenye noti ya pili.

#32 DadaWaBesi
Pawa metali: kabla ya Helloween 1987 kuna Rainbow, Rising, 1976. Dio, mwimbaji wao, anaimba kuhusu mchawi na mnara, okestra nyuma. Helloween, Wajerumani wale, waliongeza mwendo.

#33 KiatuChaChuma
Na sisi je? Nairobi tumeanzisha nini, ama tunavaa tu fulana za wengine?

#34 DadaWaBesi
Swali zuri kuliko yote humu. Seeds of Datura wamepiga metali hapa, Last Year's Tragedy wamepiga metalikoo, metali iliyochanganywa na panki, Parking Lot Grass wameimba Kiswahili juu ya magita mazito. Hao wamejenga uwanja. Lakini ukiniuliza kuanzisha, nitasema Duma. Martin Khanja na Sam Karugu, albamu ya 2020, ilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Graindikoo ambayo ngoma zake ni za mashine, kelele za kompyuta, na koo la mtu anayetoka kaburini. Mara ya kwanza nilizima baada ya dakika moja. Mara ya pili nilikaa kitandani nikaisikiliza yote gizani, nikatoka nje kununua maziwa, na Kayole ilikuwa inasikika tofauti. Sijui mahali pengine duniani palipokuwa na sauti ile kabla yao.

#35 Kaseti90
Duma kama yule mnyama anayekimbia?

#36 MkaziWaRongai
Hapana, ni ya Kikuyu, nduma, giza.

#37 BabaPacha
Kwetu nduma ni ya kunywea chai asubuhi.

#38 MkaziWaRongai
Zote mbili ziko. Moja inachimbwa shambani, nyingine inakushukia usiku. Ukiwa Mkikuyu unajua ipi kwa namna mtu anavyoitamka.

#39 DadaWaBesi
Na Fundi, kabla hujasema: Nairobi haina mgodi.

#40 FundiWaKamukunji
Dada, njoo Kamukunji saa nne asubuhi. Watu mamia, kila mmoja na nyundo, na hakuna anayepiga kwa mwendo wa mwenzake. Khanja alizaliwa ama hakuzaliwa karibu nasi, hiyo sauti iko hewani mjini hapa kabla yake. Nilipoisikia Duma nilicheka kwa furaha, maana kwa mara ya kwanza kazi yangu ilikuwa ndani ya muziki bila mtu kuitaja.

#41 NdugyeMdogo
Hiyo imenimaliza. Lakini kwa hoja yako, Fundi, hakuna bendi iliyowahi kuanzisha chochote. Ni mashine tu.

#42 FundiWaKamukunji
Mashine ilikata vidole vya wengi. Iommi ndiye aliyeyeyusha chupa.

#43 Kaseti90
Julai 2025 niliamka kuangalia ile shoo ya mwisho ya Sabbath, Villa Park, uwanja wa Aston Villa, mtaa aliokulia Ozzy. Ozzy, mwimbaji wao, alikuwa ameketi kwenye kiti cha enzi, hawezi kusimama, Iommi pembeni na vile vifuniko. Ozzy akafa siku 17 baadaye. Niliwaita watoto wangu waje waone mkono wa Iommi. Binti yangu akaniuliza kama nao ulichomwa shuleni. Nikamwambia hapana, huo umefika salama.

#44 MwanaUmoja
Mzee Kaseti, hiyo Melissa ninayo kwenye santuri. Nitakutengenezea kaseti, pande zote mbili. Sema tukutane wapi.

#45 Kaseti90
Archives, mlangoni, Jumamosi saa nane. Nitakuja na soksi.

#46 MkaziWaRongai
Exodus bado hawajapewa haki yao humu.

#47 KiatuChaChuma
MwanaUmoja, kibanda gani Toi? Cha upande wa viatu ama kule kwa makoti? Nataka kwenda kabla ya saa tatu, wakifungua bunda.